Shitingi ya Mama Perpétue

Mama Perpétue wa Katoyi, hapa Goma, anafua nguo za altare. Ni mwaka wa kumi na tatu sasa anafanya ile kazi. Kila siku ya ine ya juma anachukua kitunga ku sakristia ya parokia, anafua, anapiga pasi, na siku ya sita anarudisha kila kitu kimekunjwa.

Nilimujua juu ya pasi. Kazi yangu mimi ni kutembea. Natengeneza mbabula za kupikia na makala, sufuria zilizotoboka na pasi za makala, na nalala pale giza inanikutia. Leo ni Katoyi, kesho Katindo, mwezi unaokuja Rumangabo kama njia iko wazi. Watu wananiita Muzee wa Mbabula. Umeme ukikatika, na unakatika mingi, Mama Perpétue anatumia pasi ya makala, na ile yake kifuniko kilikuwa kinaachia. Jivu ikiangukia kitambaa cha altare, kazi ya siku mbili imeharibika. Kwa hiyo kila nikipita alikuwa ananiita.

Kuna jambo moja mu ile kazi ambalo watu wengi hawalijue. Masista ndio walimufundisha. Vitambaa vidogo, vile padri anafutia kalisi na vile hostia inalazwa juu yake, maji ya kwanza ya kuvifua haimwangwi mu mufereji. Kipande kidogo cha Mwili wa Bwana kinaweza kuwa kimebakia mule. Maji ile inamwangwa ku udongo safi. Sasa mu Katoyi, udongo utautoa wapi? Chini kwetu ni mawe ya volkano, nyeusi na kali, mutoto akianguka inamuchana goti. Luc, bwana yake, ndiye alienda mupaka Kibumba na pikipiki, akaleta mifuko mbili ya udongo, akaujaza ndani ya mupira wa gari ya zamani pembeni ya ukuta. Maji ya kwanza ilikuwa inaenda pale.

Luc Mirindi alikuwa karani ku depo moja ya simenti karibu na bandari. Yeye na Perpétue wote ni watu wa upande wa Bukavu, walikuja Goma wangali vijana. Alikuwa mutu wa maneno machache, na kalamu mu mufuko wa shati hata Siku ya Mungu, ku misa. Walizaa mutoto moja tu, Sidonie, ambaye sasa iko na miaka kumi na saba.

Mwezi wa kwanza wa mwaka huu, wakati vita iliingia mu muji, maji ilikatika, umeme pia. Siku tatu walilala chini, magodoro yamesimamishwa ku madirisha. Asubuhi ya siku ya ine masasi ya bunduki ikanyamaza kidogo. Luc akachukua bidoni mbili za maji, akasema anafika ku ziwa na kurudia.

Perpétue akamwambia, "Ngoja kwanza."

"Sidonie atakunywa nini? Nikikawia, muanze kula bila mimi."

Hakukuwa na chakula mu nyumba. Ulikuwa utani wake tu. Alifunga mulango pole pole, na mupaka leo hajarudia.

Perpétue alimutafuta ku mahospitali na ku vyumba vya maiti. Aliniambia kama siku zingine alikuwa anawatazama maiti miguu tu, kwa sababu miguu ya Luc angeijua hata kati ya miguu elfu. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa bila majina. Mutu moja akaapa alimuona Luc akipanda mutumbwi wa Bukavu. Wa pili akaapa alimuona mu lori ya watu waliokamatwa. Wa tatu akasema hapana, yeye alimuona amelala pembeni ya maji, na bidoni moja.

Tangu pale akaacha kusema na Mungu. Kazi ya parokia hakuiacha, na misa hakuikosa. Lakini kuomba, hata neno moja, hapana. Nilimuuliza siku moja nikiwa nanyoosha ile pasi yake.

"Mama, unafulia Mungu nguo na hausemi naye?"

"Muzee, hata boyi anafulia patro wake nguo bila kuongea naye."

Mimi niliishia mwaka wa ine wa shule, sijue kubishana na watu wa parokia.

Mwezi wa saba aliniambia kitu kingine, na hakuwa amekiambia mutu. Siku moja alikamata ile maji ya kwanza, akaenda nayo mupaka ku mufereji, akaimwaga mule kusudi.

"Nilisema, kama yuko, angalau atakasirika. Nikasimama. Bata ya Mama Angèle ikapita, ikakunywa, ikaenda."

"Na kisha?"

"Kisha hakuna. Bata iko muzima. Juzi ilitaga."

Nikamwambia pengine Mungu hakuona ni kosa kubwa. Akatikisa kichwa.

"Ndiyo maana iliniuma, Muzee. Mutu anakutukana na hata haumugeuzie macho. Yeye hakunigeuzia macho."

Juma lililofuata alirudia kumwaga maji ku mupira. Nilifikiri ni imani inarudia, nikafurahi bure. Alisema ni desturi ya mukono tu, mukono ulikuwa unaenda pale wenyewe.

Mu kartie yake, ni kusema mutaa, Wakristo wa nyumba kumi na kitu wanafanya shirika moja. Wanakutana kila siku ya tatu ya juma saa kumi, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wanasali rozari. Kila mutu anaongoza makumi yake, Salamu Maria kumi, kisha anaachia jirani. Perpétue alikuwa anaenda, maana asipoenda wote wangekuja kumuuliza anaumwa wapi. Lakini zamu ikimufikia anatikisa kichwa, na Sidonie anaongoza pahali pake. Miezi kenda hivyo. Watu wakazoea, hakuna tena aliyemutazama.

Mukubwa wa shirika ni Papa Cikuru, mwalimu wa zamani, naye ni mutu wa Bukavu. Anaandika na biki nyekundu kama vile bado anakosoa dikte za watoto wa shule. Mwisho wa mwezi wa kumi akapita mu nyumba zote na kaye yake ya kuandikia, kukusanya majina ya marehemu. Sisi Wakatoliki mwezi wa kumi na moja ni mwezi wao, majina inapelekwa ku parokia na padri anawasomea misa mwezi muzima. Mimi nilikuwa pale kwa Perpétue, natia mbabula yake chuma mupya.

"Mama," Papa Cikuru akasema, "tulikuwa tunaongea, sisi wakubwa wa shirika. Juu ya Luc."

"Mulikuwa munaongea nini?"

"Tunaona ni muzuri roho yake ipumuzike."

"Na kama iko inatembea? Munapumuzishaka mutu anayetembea?"

"Basi tumubakishe ku sala ya wasafiri."

"Papa, miezi kenda muko munamutaja kwa wasafiri, nyuma ya Kambale aliyeenda kununua maharagi Butembo. Kambale alirudia. Alinenepa hata."

Papa Cikuru akatazama biki yake.

"Musimuandike," Perpétue akasema. "Si kwa hawa, si kwa wale."

Papa Cikuru alipoondoka, mwanamuke yule akaketi chini karibu na mimi, mikono ku magoti.

"Nikisema alikufa, ni mimi namuua. Nikisema yuko safarini, nasema bongo, uwongo, mbele ya altare. Wote wananiambia, muachie Mungu. Muzee, ile asubuhi nilimuachia Mungu. Mulango ulipofungwa nilisema, Bwana, umuchunge. Saa moja tu nilimuachia, akamupoteza. Namna gani nimuachie tena?"

Nikageuza mbabula nione kama chuma imeshika.

Sasa, ili mutu aelewe ile iliyofuata, lazima ajue namna tunafanya kilio hapa. Mutu akikufa, jamaa inafunga shitingi mbele ya parseli, ni kusema kiwanja cha nyumba; shitingi ni ile nailoni ya nguvu ya watu wa makambi ya wakimbizi. Inaweka viti chini yake na kuwasha moto. Anayepita akiona shitingi, viti na moto, haulize. Kuuliza ni aibu. Anaingia, anaketi, analia kama anaweza kulia. Jina la marehemu atalisikia akiwa tayari ameketi.

Kwa Perpétue shitingi haikufungwa hata siku moja. Ndiyo ilikuwa namna yake ya kukatalia Luc kufa.

Ilikuwa juma la pili la mwezi wa kumi na moja. Robine za maji za kartie zilikuwa kavu siku tano. Mimi nilifika kwake asubuhi juu ya kifuniko cha ile pasi, maana tundu la bawaba lilikuwa limekulika, ilifaa kutoboa lingine. Saa tano wingu likaanza kushuka toka upande wa Nyiragongo, zito, na Perpétue akasema leo hatutaachia hii mvua ipotee.

Paa yake nyuma inavuja hovyo. Maji mingi inaangukia mbele, upande wa njia. Kwa hiyo Sidonie akatoa shitingi ya zamani, wakaifunga ku ukingo wa paa na ku miti mbili mbele ya parseli, katikati wakaacha ilegee ili maji ishuke mu beseni. Upepo ukaanza kuichezea. Sidonie akaleta viti ine vya plastiki, akafungia kamba pale ili vivute pembe. Na mimi, muzee mujinga, niliona pale chini hapatanyesha, nikahamisha mbabula yangu, nikawasha moto mukubwa ya kuchoma chuma ya kutobolea.

Perpétue na Sidonie wakaenda nyuma kukusanya mabeseni.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Angèle, jirani, Munande wa Butembo, anayeuza maharagi. Alikuwa anatoka ku soko. Akasimama mu njia, akaona shitingi, viti na moto. Akanitazama. Mimi nikamusalimia na kichwa, kwa sababu nilikuwa na musumari mu meno. Akatua kitunga, akaweka mikono ku kichwa, akaingia, akaketi juu ya mawe na kuanza kulia pole pole. Mimi nikafikiri iko na shida zake. Nani mu Goma hana zake?

Kisha wakaja wawili. Kisha watatu, moja wao simujue, na sikuona tena ni nani alimuleta. Mama moja alileta mukeka. Nilitoa ule musumari mu mudomo kusema kitu, lakini walikuwa wamekwisha kuanza wimbo wa marehemu, na sauti yangu si kubwa.

Perpétue akatokea kando ya nyumba na beseni mbili, moja ku kichwa. Akakuta wanawake saba chini ya shitingi yake.

"Kuna nini?"

Hakuna aliyejibu. Mwenye kilio hajibiwi, anashikwa tu. Mama Angèle akasimama na kumukumbatia pamoja na beseni.

"Lia, mama. Umekaza moyo mingi. Lia sasa."

"Nilie nini?"

"Walimupata wapi?"

"Walimupata nani?"

Mama Angèle akamuachia kidogo, akamutazama mu uso. "Luc."

Kwa dakika ile Perpétue alifikiri kama wao ndio wanaleta habari, na wao walifikiri iko nayo. Walitazamana hivyo. Mimi ndiye nilisema.

"Wamama, hii shitingi ni ya maji."

"Maji gani, Muzee?"

"Ya mvua."

Na mvua ikaanza, matone makubwa, ikapiga ile nailoni mupaka hatukusikilizana tena vizuri. Papa Cikuru akafika wakati ule ule anakimbia, musalaba mu mukono na kitabu ndani ya saheti ya plastiki, nyuma yake wanaume watatu. Akapiga magoti mbele ya moto yangu bila kutazama mutu, akafanya alama ya musalaba. Ndipo akaona hakuna anayelia.

Ilikuwa haya ya kweli. Hakuna haya kubwa kwetu kama kumulilia mutu mwenyeji wake hajamulilia.

Mama Angèle akatazama kitunga chake. "Sasa kilo zangu mbili za maharagi zinabakia, ao narudia nazo?"

Perpétue akacheka. Sidonie akageuka haraka, maana tangu mwezi wa kwanza hakuwa amesikia mama yake akicheka. Ile kucheka ikaendelea, ikapita pale ilipaswa kuishia, na tukasikia kama haikuwa tena kucheka. Akaketi juu ya mukeka, beseni ikabiringika. Alilia namna mutoto analia, mudomo wazi, bila kujifunika. Hakuna aliyemwambia nyamaza.

Lakini maji ya mvua haingoje mutu amalize kulia. Shitingi ilijaa katikati, ikashuka kama tumbo la ng'ombe. Wanawake wakasimama na machozi yao, moja akasukuma chini na fimbo ya fagio, mwingine akaweka beseni, ikajaa, akaweka ingine. Papa Cikuru naye akashika kamba moja iliyotaka kukatika. Akasema akiwa ameishika hivyo:

"Mama, utusamehe. Mvua ikitulia tutaenda."

Perpétue akafuta uso na kitenge. "Mutaenda kufanya nini? Mumeshafika. Muketi."

Kisha akasema tena, "Muombe basi. Lakini musiseme marehemu."

"Tuseme nini?"

"Museme Luc. Yeye ni Luc kila pahali."

Wakaanza rozari. Nimehuzuria rozari nyingi mu makanisa ya mawe na ya matofali, sikuona ingine kama ile. Mama Angèle alikuwa anasema Salamu Maria na anasukuma beseni na muguu. Papa Cikuru aliongoza makumi ya kwanza na kamba mu mukono. Ya pili ikaenda, ya tatu ikaenda. Ya ine ilikuwa ya Perpétue. Sidonie alikuwa amekwisha kufungua mudomo kumushikia zamu kama kawaida.

Mama yake akaanza mwenyewe.

Sauti ilikuwa ndogo na haikutembea sawa. Alisema moja, mbili, tatu. Ku ya ine akasimama. Hakuna aliyemusaidia, hata Sidonie. Kisha akasema maneno ambayo si ya rozari, na niliyasikia kwa sababu nilikuwa karibu.

"Mungu, mimi sijue pale ulimuweka. Nilimutafuta na nguvu yangu yote, imeisha. Kama ni muzima, ukae naye. Kama alikufa, ukae naye. Bado nina kasirani na wewe. Lakini sina mwingine wa kumuachia."

Papa Cikuru akainamisha kichwa. Mama Angèle alikuwa ameacha beseni, ikamwangika, akaiacha imwangike. Perpétue akarudilia Salamu Maria ya ine, akaenda mupaka ya kumi.

Mvua ilikatika saa nane. Maharagi ya Mama Angèle ilipikwa pale pale ku mbabula yangu na maji ya mvua, watu kumi na ine wakala, na waliporudia makwao kila moja alibeba maji yake. Papa Cikuru hakufungua kaye. Shitingi walitaka kuifungua, maana kilio hakikuwa kilio, lakini Perpétue akasema wabakishe, mawingu ingali nyingi.

Jina la Luc halikuandikwa kwa marehemu mwezi ule, wala kwa wasafiri. Habari yake haijafika. Wale watatu walioapa, wawili walihama muji, na wa tatu sasa anasema pengine hakuwa Luc. Sidonie ameacha kuuliza. Ku depo ya simenti walimuweka karani mwingine.

Nilipita kwake tena mwisho wa mwezi. Alikuwa amekonda zaidi. Nikamuuliza kama moyo umepona kidogo.

"Hapana, Muzee. Naamka asubuhi, hayuko. Jana sikukumbuka sauti yake, nikaketi ku kitanda saa nzima natafuta namna alikuwa anatamka jina langu."

"Na kule kwa Mungu?"

"Namuuliza kila asubuhi."

"Anajibu?"

"Bado." Akatazama njia. "Lakini miezi yote ile sikuwa na mutu wa kuuliza."

Akaingia ndani. Nikamusikia anamuita Sidonie waje wasali mbele ya kuanza kazi, na Sidonie anauliza nani ataongoza, na mama anamujibu, "Mimi."